Omba msimbo wa idhini mwisho, si mwanzo

Watu wakinitafuta niwahamishie kikoa, yaani jina la tovuti kama example.org, kutoka kwa msajili mmoja kwenda kwa mwingine, wengi huanza kwa furaha: "Msimbo tayari ninao!" Kisha wanautuma papo hapo kwenye kundi la WhatsApp lenye watu arobaini, herufi na alama zake zote, kama mtu anayetuma salamu za asubuhi. Mimi hushika kichwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa sababu ufunguo wa jina lao umeshaonwa na watu arobaini. Mara ya pili ni kwa sababu wameanza na hatua iliyopaswa kuwa ya mwisho, na sasa itabidi niwaambie wasubiri.

Kazi yangu ni kutunza tovuti za watu wasiotaka kujua tovuti inatunzwaje: vyama, shule, wafasiri, kwaya mbili. Vikoa nimehamisha vingi, na karibu kila kilichonipa shida, shida yake haikuwa kwenye msimbo wenyewe. Msimbo hupatikana kwa dakika chache. Kinachouma ni yale ambayo hayakutazamwa kabla ya kuuomba.

Msimbo wenyewe ni nini

Nyuma ya jina kama example.org kuna pande tatu. Wewe ndiye mwenye jina. Msajili ni yule unayemlipa kila mwaka na ambaye una akaunti kwake. Halafu kuna rejista, anayeshika daftari kuu la majina yote yanayoishia na .org. Rejista hana habari na wewe na wala hapokei simu yako. Anazungumza na wasajili tu. Sasa msajili mpya akimwendea na kumwambia, "Mwenye jina hili amehamia kwangu," rejista atajuaje kwamba ni kweli? Hapo ndipo msimbo unapoingia. Ni neno la siri lililoandikwa kwenye lile daftari, ubavuni mwa jina lako. Msajili mpya akilitaja sawasawa, rejista anakubali kwamba umemtuma.

Mazungumzo hayo kati ya wasajili na rejista hupitia itifaki iitwayo EPP, iliyoelezwa kwenye hati za kiufundi za intaneti RFC 5730 na 5731 za mwaka 2009, na humo msimbo unaitwa authInfo. Ndiyo maana kwenye dashibodi yako utakuta majina mengi yanayokuchanganya bure: "Auth Code", "EPP Code", "AuthInfo", "Transfer Key". Vyote ni kitu kimoja. Si neno la siri la akaunti yako, haufungui barua pepe wala tovuti, na kila kikoa kina wa kwake. Ukiwa na .com na .org za jina lilelile, una misimbo miwili.

Kabla ya utaratibu huu, jina lingeweza kuhama kwa karatasi. Gary Kremen alisajili sex.com mwaka 1994. Mwaka uliofuata Stephen Cohen akalichukua kwa barua ya kughushi iliyodai kwamba mwenyewe ameliachia. Kesi ilichukua miaka, na mwaka 2001 mahakama ya Marekani ikamwamuru Cohen alipe dola milioni 65. Barua tu.

Wizi haukuishia hapo. Kanuni za ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya vikoa duniani, zilizoanza kutumika tarehe 12 Novemba 2004 ziliweka kwamba msajili wa zamani akikaa kimya siku 5 baada ya ombi la kuhamisha, ukimya wake ni ridhaa. Lengo lilikuwa jema: kuwazuia wasajili wanaong'ang'ania wateja. Lakini Januari 2005, ikiwa hata miezi mitatu haijapita, panix.com, jina la kampuni kongwe ya huduma za intaneti ya New York, lilihamishwa mwishoni mwa wiki bila wenyewe kujua. Barua pepe za wateja zikapotelea njia nyingine, na kumpata mtu wa kulirudisha jina siku za mapumziko ikawa kazi. Kanuni ile ya ukimya ipo hadi leo. Kwa hiyo ukiona kikoa chako hakina kufuli, na msimbo wake unazunguka kwenye makundi, ujue kwamba ukimya peke yake unatosha kukiondoa.

Jua kwanza unahama kutoka wapi

Nenda lookup.icann.org, andika jina lako. Zamani tulikuwa tunatumia WHOIS, huduma ya kuulizia taarifa za kikoa. Kwa majina kama .com na .org, wasajili na marejista waliacha kulazimika kuitoa tarehe 28 Januari 2025, na sasa taarifa hutoka kwa RDAP, mfumo uliochukua nafasi yake. Kwako wewe tofauti ni ndogo. Andika pembeni vitu vinne: jina la msajili, tarehe kikoa kilipoundwa, tarehe kitakapoisha muda, na mistari ya hali.

Usishangae jina la msajili likiwa geni kwako. Wengi hununua kikoa kwa fundi aliyewatengenezea tovuti, naye hununua kwa wakala, na wakala ndiye aliye chini ya msajili halisi. Msimbo utauomba kwa yule uliyenunua kwake, lakini akipotea au akianza kukuzungusha, jina lililo kwenye RDAP ndilo la kufuata.

Mistari ya hali ndiyo inayosema ukweli. Ukiona clientTransferProhibited, hilo ni kufuli la msajili wako, na mara nyingi unalifungua mwenyewe kwenye dashibodi. serverTransferProhibited ni kufuli la rejista. Hilo huliwezi, mwandikie msajili aliombee. pendingTransfer maana yake tayari kuna ombi linaendelea, na kama si wewe uliyeliomba, acha kusoma hapa na uwapigie msajili wako sasa hivi. redemptionPeriod maana yake kikoa kimeshafutwa na kimewekwa kando kwa siku 30 ili mwenyewe akikomboe; hapo hakuna kuhama, kuna kukomboa.

Tarehe ya kuundwa nayo uitazame. Kama kikoa hakijatimiza siku 60 tangu kisajiliwe, au tangu kihamishwe mara ya mwisho, msajili anaruhusiwa kukukatalia, na wengi hukataa.

Kosa langu la siku sitini

Chama cha wahitimu wa shule moja kiliniita wakati kikoa chao kimebakiza siku 41. Msajili wao hakuwa akijibu barua na ada ilikuwa imepanda mara mbili. "Mtaalamu, tunataka tuhame wiki hii," katibu akaniambia. Nikaingia kwenye akaunti. Mmiliki aliyeandikwa alikuwa mweka hazina wa zamani, na barua pepe ya mmiliki ilikuwa yake binafsi. Nikasema, kwanza tusafishe nyumba: nikafuta anwani yake, nikaweka ya chama, nikabonyeza kuhifadhi. Ilionekana kazi safi.

Kesho yake nilipofungua kufuli, likagoma. Tangu tarehe 1 Desemba 2016 kuna kanuni ya ICANN kwamba ukibadilisha jina la mmiliki, taasisi yake au barua pepe yake, kikoa hufungwa siku 60 kisihame kwa msajili mwingine. Nia ni kumzuia mwizi aliyeingia kwenye akaunti asibadilishe mmiliki na kukimbia na jina siku hiyohiyo. Msajili anaweza kukupa nafasi ya kukataa kufuli hilo kabla hujahifadhi mabadiliko. Nafasi hiyo ilikuwepo. Ilikuwa kisanduku kidogo cha kuweka tiki chini ya fomu, nami nilikipita kama ninavyopita masharti ya matumizi.

Fanya hesabu: siku 41 zimebaki, siku 60 za kufungwa. Tulilazimika kumlipa mwaka mwingine mzima msajili yuleyule tuliyekuwa tunamkimbia. Katibu hakunilaumu, jambo lililoniuma zaidi kuliko angenilaumu.

Nilichopaswa kufanya ni kumpigia mweka hazina: "Shikamoo Mzee, naomba leo jioni ukae karibu na barua pepe yako kwa dakika kumi." Msimbo ungetumwa kwenye anwani yake, angenisomea, tungehama, kisha ndiyo ningebadilisha mmiliki huko kwa msajili mpya. Kule hata kama kufuli la siku 60 likijifunga halikuumizi, kwa sababu huna pa kwenda.

Kwa hiyo hadi kikoa kifike, usiguse jina la mmiliki, taasisi wala barua pepe yake. Hata kurekebisha herufi iliyokosewa, acha. Tofautisha pia barua pepe ya kuingilia kwenye akaunti na barua pepe ya mmiliki wa kikoa. Ni vitu viwili, hukaa kurasa mbili tofauti, na kanuni hii inahusu ya pili. Wasajili wengine huonyesha msimbo kwenye dashibodi. Wengine huutuma kwa barua pepe ya mmiliki pekee. Kama anwani hiyo imekufa kabisa na haifufuki, basi huna budi kuibadilisha. Soma fomu hadi chini, tafuta kile kisanduku, na kama hakipo, weka alama kwenye kalenda siku 60 mbele.

Rekodi za DNS, mahali barua pepe hufia

Kuhamisha kikoa hakuhamishi tovuti. Hakuhamishi barua pepe wala seva za majina, yaani kompyuta zinazotaja tovuti na barua pepe za jina lako ziko wapi. Kinachobadilika ni msajili anayekusemea kwa rejista, basi. Seva za majina zilizoandikwa zinabaki zilezile siku ya kwanza baada ya kuhama kama zilivyokuwa siku ya mwisho kabla.

Sentensi hiyo ni kweli, na ndiyo iliyoniangusha. Mfasiri mmoja, rafiki yangu, alitumia seva za majina alizopewa bure na msajili wake wa zamani. Tukahama. Seva zilizoandikwa kwa rejista hazikubadilika, lakini msajili wa zamani, akishaona kikoa si chake tena, akafuta rekodi zote zilizokuwa ndani ya seva hizo. Ilikuwa Ijumaa jioni. Tovuti ikapotea, hilo tuliliona mara moja. Barua pepe nazo zikaacha kuingia, na hilo hatukuligundua hadi Jumapili, maana barua isiyofika haipigi kelele.

Kabla ya yote, uliza swali moja: rekodi zangu za DNS, yaani orodha iliyo ndani ya seva za majina, anazitunza nani? Kama ni kampuni nyingine tofauti na msajili unayemwacha, pita, sehemu hii haikuhusu sana. Kama ni msajili huyohuyo, hamisha DNS kwanza, kikoa baadaye. Wala usivifanye siku moja.

Fungua ukurasa wa rekodi, nakili kila mstari. A na AAAA ndizo za tovuti. MX ndizo za barua pepe, pamoja na namba za kipaumbele zilizo mbele yake. CNAME, SRV kama zipo, CAA kama ipo. Kisha TXT, ambazo watu huziona kama takataka na kuziacha: humo ndimo zilimo SPF na DMARC, zinazoonyesha nani anaruhusiwa kutuma barua kwa jina lako, na bila hizo barua zako zitaanza kuangukia kwenye taka za wapokeaji. DKIM, ya kuthibitisha saini ya barua zako, ina hila yake. Hukaa chini ya jina dogo linaloishia na _domainkey, na mbele yake kuna neno lililochaguliwa na mtoa huduma ya barua pepe. Huwezi kuiuliza DNS kutoka nje ikutajie maneno hayo yote. Lazima uyaone ndani ya dashibodi au uyapate kwa mtoa huduma. Kwa hiyo usitegemee zana inayojidai kunakili rekodi zote kwa kubonyeza mara moja. Ikimaliza, linganisha mstari kwa mstari kwa macho yako.

Ukishajaza rekodi zote kwenye seva mpya, iulize seva hiyo moja kwa moja kabla hujabadilisha chochote, kwa amri ya dig kwenye kompyuta yako:

dig @seva-mpya example.org MX

Ikijibu sawa na ya zamani, badilisha seva za majina kwa msajili wa sasa, kisha subiri. Kwa .com, rekodi za seva za majina huruhusiwa kukaa kwenye kumbukumbu za mitandao kwa sekunde 172800, yaani siku 2 kamili. Mimi huziacha siku 3, na siku hizo sifanyi lolote zaidi ya kujitumia barua za majaribio.

Kama kikoa kina DNSSEC, yaani saini zinazothibitisha majibu ya DNS, kuna jambo moja zaidi. Andika:

dig example.org DS +short

Ikitoka mistari yenye namba, maana yake kwa rejista kuna alama ya kuthibitisha saini za seva zako za sasa. Ukihamia seva nyingine alama hiyo ikiwa bado ipo, saini hazitalingana na jina lako litaonekana kama limeghushiwa. Wenye mitandao inayokagua saini hawatakupata kabisa. Zima DNSSEC kwa msajili wa sasa, subiri angalau siku nzima hadi amri ile isirudishe kitu, ndipo uguse seva za majina. Utaiwasha tena ukishatulia upande wa pili.

Na mtego wa mwisho wa barua pepe, ambao ni wa kuchekesha hadi ukupate: anwani ya mmiliki wa kikoa isiwe ndani ya kikoa hichohicho. Kama ujumbe wa kuthibitisha kuhama kwa example.org unatumwa kwa info@example.org, na barua za example.org zimekatika, umejifungia nje na ufunguo uko mezani. Ila, kwa yale niliyoyaeleza juu, usiibadilishe sasa hivi. Hakikisha tu kwamba rekodi za MX haziguswi hadi safari iishe.

Kalenda

Hama ukiwa na mwezi mmoja au zaidi kabla ya kikoa kuisha muda. Kwa majina kama .com, ada unayolipa kwa msajili mpya huongeza mwaka 1 juu ya siku ulizobakiza, kwa hiyo kuhama mapema hakukupotezei kitu, mradi jumla isizidi miaka 10.

Kuchelewa kunaweza kukupotezea. Kikoa kikifika mwisho, msajili mara nyingi hukihuisha mwenyewe, na kuna dirisha la hadi siku 45 baada ya hapo. Ukihama ndani ya dirisha hilo, rejista hufuta ule mwaka uliojihuisha na kumrudishia msajili wa zamani pesa yake. Kama naye atakurudishia wewe, hilo ni kati yako na yeye. Wale wahitimu wangu walisalimika hapo kwa sababu tulilipia wenyewe kabla ya tarehe, hatukungoja kijihuishe. Mwaka ule tulioununua bila kupenda angalau haukuyeyuka.

Sasa omba msimbo

Rekodi ziko salama, anwani ya mmiliki inafanya kazi, tarehe zinaruhusu, akaunti kwa msajili mpya imefunguliwa na njia ya malipo iko tayari. Hapo, na si kabla, fungua kufuli. Rudi kwenye RDAP uhakikishe clientTransferProhibited imeondoka kweli. Dashibodi zinaweza kusema "imefunguliwa" wakati rejista bado hajasikia. Kisha omba msimbo.

Ukiupata, unakili moja kwa moja kutoka ulipo hadi kwenye fomu ya msajili mpya, fomu uliyoifungua wewe mwenyewe kwa kuandika anwani. Si kwenye kiungo ulichotumiwa. Kuna barua za ujanja zinazokuja zikijifanya bili ya kuhuisha kikoa, na ukizifuata unajikuta unajaza fomu ya kuhama kwenda kwa mtu usiyemjua. Popote mtu anapokuomba msimbo bila wewe kuanza safari, jibu ni hapana.

Kama msimbo utakaa hata usiku mmoja, uweke kwenye programu ya kutunzia maneno ya siri. Mtu akihitaji kukusaidia, msomee kwenye simu, au mkae pamoja.

Ukikataliwa, na utaambiwa tu kwamba msimbo si sahihi bila maelezo, usianze kugombana na msajili mpya. Tazama haya kwanza, kwa mpangilio wa jinsi yalivyonipata mimi. Nafasi tupu mwishoni, iliyonakiliwa pamoja na msimbo. Simu iliyobadilisha herufi ya kwanza kuwa kubwa. Alama ya & ambayo barua pepe imeionyesha kama & kwa sababu aliyetengeneza ujumbe hakujali; futa herufi za ziada ubakize & peke yake. Sifuri na O, moja na l, kama mtu alikusomea. Msimbo wa .com uliowekwa kwenye .org. Na mwisho, msimbo uliopitwa na wakati: baadhi ya wasajili huutengeneza upya kila unapobonyeza kitufe, kwa hiyo ule uliouomba wiki iliyopita, halafu ukauomba tena leo asubuhi kwa wasiwasi, umeshakufa.

Mwelekeo wa wataalamu ni huohuo. RFC 9154 ya mwaka 2021 inapendekeza kwamba kikoa kisiwe na msimbo wowote hadi siku mwenyewe anapotaka kuhama, kisha utengenezwe mgumu, uishi muda mfupi, na ufutwe safari ikimalizika. Ndiyo sababu nyingine ya kutouomba mapema.

Siku tano za kungoja

Rejista akikubali msimbo, hali ya kikoa inakuwa pendingTransfer na msajili wa zamani anapewa siku 5. Atakutumia barua yenye nafasi ya kukubali au kukataa. Ukikubali, wengine hukuachilia ndani ya dakika chache. Ukinyamaza, siku zikiisha kikoa kinaondoka chenyewe. Soma barua hiyo taratibu: kwenye baadhi ya hizo barua, kiungo pekee kilichomo ni cha kusimamisha safari, na watu hukibonyeza wakidhani wanathibitisha.

Na msajili asiyetaka kukupa msimbo? Kanuni za ICANN ziko upande wako, jifunze mbili tatu uzitaje kwa utulivu. Kama dashibodi yake haikupi msimbo mwenyewe, ana siku 5 za kalenda tangu uombe. Haruhusiwi kukuwekea masharti magumu kuliko yale ya kubadilisha anwani au seva za majina. Kwa hiyo kama kubadilisha seva ni kubonyeza tu, hawezi kukudai barua yenye mhuri kwa ajili ya msimbo. Wala haruhusiwi kuuzuia kwa sababu tu mnabishana kuhusu malipo. Andika ombi kwa maandishi, tunza tarehe, na siku ya sita peleka malalamiko kwa ICANN. Wana fomu ya malalamiko ya kuhamisha vikoa. Mara mbili nimeandika tu kwamba "nitapeleka ICANN kesho", na msimbo ukaja kabla ya chakula cha jioni.

Haya yote ni ya majina ya jumla kama .com, .org na .net. Majina ya nchi yana sheria zao. Kwa .de msimbo huishi siku 30, kwa .eu siku 40; .uk kwa miaka mingi imehama bila msimbo wowote, kwa kubadilisha tagi ya msajili. Soma ukurasa wa rejista wa nchi husika kabla ya kutumia kalenda yangu.

Kama kikoa kimehamishwa bila ridhaa yako, usipoteze muda kumwandikia aliyekichukua. Mpigie msajili wako wa zamani na umtake atumie njia ya dharura kati ya wasajili. Yule mwenzake analazimika kujibu ndani ya muda wa saa nne, usiku au mchana. Wakati wa panix.com njia hiyo haikuwepo.

Ukishafika

Tazama RDAP: msajili mpya, tarehe ya mwisho imesogea mwaka 1. Funga kufuli. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti, maana kuanzia leo mwizi hahitaji msimbo wako akiweza kuingia ndani na kujitengenezea wa kwake. Sasa rekebisha mmiliki na barua pepe yake kadiri upendavyo. Washa DNSSEC kama ulikuwa nayo. Jitumie barua kutoka nje, jibu, na uangalie haikuangukia kwenye taka.

Wasajili wengi hubadilisha msimbo kikoa kinapoingia kwao. Mimi sibahatishi. Kama ule wa zamani ulipita kwenye kundi la watu arobaini, nafungua kufuli, naomba msimbo mpya nisioutumia, nafunga tena, kisha namwambia katibu afute ule ujumbe.